Mtakatifu Bernardo wa Menthon, Msimamizi wa Wapanda Milima

Wapo watakatifu ambao jina lao limeenea dunia nzima ilhali maisha yao hayajulikani. Mmoja wao ni Mtakatifu Bernardo wa Menthon. Likitajwa jina lake, wengi humkumbuka mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi na kipipa shingoni. Wengine humchanganya na Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, abati na mwalimu wa Kanisa aliyeishi karne iliyofuata. Huyu wetu hakuacha vitabu. Aliacha nyumba moja juu ya mlima, na nyumba hiyo ingali wazi hadi leo, baada ya miaka zaidi ya 900.

Tumeona vema kumtafakari kwa sababu kazi aliyoianzisha inagusa jambo ambalo kila anayejiandaa kuwahudumia watu hana budi kujiuliza: je, moyo mwema unatosha? Mtu anapozikwa chini ya theluji, jibu huonekana ndani ya dakika chache.

Kwanza tuifahamu njia yenyewe. Kati ya Uswisi na Italia imesimama safu ya milima ya Alpi. Anayetoka Martigny kwenda Aosta hupita kwenye mwanya ulio mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Warumi wa kale waliutumia mwanya huo na kujenga humo hekalu la mungu wao Jupiter, hata mahali pakaitwa Mlima wa Jupiter, na baadaye Mont-Joux. Mahujaji wa kwenda Roma walipita huko, na pia wafanyabiashara, maaskofu na wanajeshi. Hapakuwa na njia nyingine iliyo fupi kama hiyo.

Lakini ilikuwa njia ya mauti. Theluji hukaa huko miezi mingi ya mwaka. Ukungu hufunga ghafla, na upepo hufuta nyayo mara tu mtu anapopita. Pande zote mbili kuna miteremko mikali inayomwaga theluji bondeni. Pamoja na hayo walikuwapo wanyang'anyi. Katika karne ya 10 vikosi vya Wasaraseni vilishika njia za Alpi, na mwaka 972 Mtakatifu Maiolus, abati wa Cluny, alitekwa karibu na Orsières alipokuwa akirudi kutoka Italia, akaachiliwa baada ya watawa wake kulipa fidia kubwa. Ikiwa abati mwenye jina kubwa namna hiyo alipatwa na hayo, hali ya hujaji maskini ilikuwaje?

Katika mazingira hayo ndipo alipotokea Bernardo. Kuhusu kuzaliwa kwake yapo masimulizi ya kale yanayopendwa sana. Yanasema alikuwa mwana wa ukoo wenye cheo wa Menthon, kando ya ziwa Annecy, katika nchi ya Savoy. Baba yake alimtafutia mchumba, na usiku wa kuamkia harusi kijana akatoka kwa kupitia dirishani, akavuka milima hadi Aosta ili ajitoe kwa Mungu. Masimulizi hayo yaliandikwa karne kadhaa baada ya kifo chake, kwa hiyo wanahistoria huyapokea kwa tahadhari. Hata mwaka wa kuzaliwa ulibishaniwa: waandishi wa zamani walitaja mwaka 923, lakini wataalamu wa leo humweka katika karne ya 11.

Lililo la hakika ni kwamba alikuwa arkidiakoni wa kanisa kuu la Aosta. Tusilipite neno hilo haraka. Arkidiakoni wa nyakati zile alikuwa mkono wa kuume wa askofu. Alisimamia mapadre, alikagua parokia, aliangalia mali ya Kanisa na namna maskini walivyotunzwa. Aosta ndio mji wa kwanza ambao msafiri aliyeteremka kutoka mlimani aliufikia. Hivyo walionusurika waliingia mjini wakiwa wameumwa na baridi, wameporwa, au wakililia wenzao waliobaki juu. Habari za mlima zilimfikia arkidiakoni kama habari za jimbo lake mwenyewe.

Angeweza kuendelea kuwapokea mjini, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliamua msaada upelekwe kule hatari ilikokuwa. Karibu na mwaka 1050 aliweka juu kabisa ya mwanya nyumba ya kupokea wasafiri, akaweka ndugu wa kuihudumia. Mapokeo yanamhusisha vilevile na nyumba ya pili, kwenye mwanya mwingine ulio mita 2,188, kati ya Aosta na Savoy. Leo njia hizo zinaitwa kwa jina lake: Bernardo Mkubwa na Bernardo Mdogo. Jina la Jupiter limesahaulika.

Kujenga mahali pale palitaka akili pamoja na imani. Juu ya mita 2,400 hakuna mti unaoota, kwa hiyo kuni, chakula na nyasi za wanyama vilipaswa kupandishwa wakati wa kiangazi kifupi na kuwekwa akiba ya miezi mingi. Ndugu walioishi humo walikuja kuwa Wakanoni wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Agostino. Walisali zamu zao, wakaadhimisha Misa, na mlango wao haukufungwa kwa mtu yeyote. Hawakumwuliza mgeni dini yake wala taifa lake kabla ya kumpa mkate na moto.

Bernardo mwenyewe hakujifungia mlimani. Alihubiri katika majimbo ya Aosta, Novara na Pavia. Inasimuliwa kwamba katika mwaka 1081 alikwenda Pavia kumsihi mfalme Henri IV asiende kupigana na Papa Gregori VII, na mfalme hakumsikiliza. Aliporudi alifika Novara akiwa mgonjwa, akafariki humo katika monasteri ya Mtakatifu Laurenti, mwezi Juni wa mwaka huohuo kadiri ya hesabu inayokubaliwa na wengi. Hivyo mtu wa milima alifia nchi ya tambarare, safarini, akihudumiwa katika nyumba ya watu wengine. Alipokea mwishoni kile alichowapa wengi.

Waamini walimheshimu tangu zamani, na mwaka 1681 Papa Inosenti XI alimwandika katika orodha ya watakatifu. Wachoraji humwonyesha akiwa na fimbo ya msafiri, na miguuni pake shetani amefungwa mnyororo. Picha hiyo inatokana na hadithi kwamba alimfunga pepo aliyewatisha watu mlimani. Tukiitazama vizuri tunaona ukweli wake: hofu ya mlima ilifungwa pale watu walipojua kwamba huko juu kuna taa inayowaka na mtu anayewatafuta.

Kuwatafuta, ndugu wasomaji, ndiko kulikoifanya nyumba hii kuwa ya pekee. Wasaidizi waliojua njia, walioitwa marronniers, waliwaongoza wasafiri. Katika majira ya baridi ilikuwa desturi watu wa nyumba kuteremka kila siku upande huu na upande ule, kutazama kama yuko aliyekwama. Hawakungoja kuitwa. Upande wa Uswisi, chini kidogo ya nyumba, kuna bonde linaloitwa Combe des Morts, yaani Bonde la Wafu, na jina hilo lilipatikana kwa gharama. Wapo waliofikiwa wakiwa wamechelewa. Kwa kuwa ardhi ni mwamba na barafu, maiti zisizotambuliwa ziliwekwa katika chumba maalumu kando ya nyumba, pengine ndugu wangekuja siku moja kumtambua mtu wao.

Na wale mbwa? Bernardo hakuwahi kuwa nao. Kumbukumbu za mbwa wakubwa katika nyumba hiyo zinaanza kuonekana kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, yaani miaka 600 baada yake. Waligunduliwa kuwa na pua ya kunusa mtu chini ya theluji na uwezo wa kuiona njia iliyofunikwa. Maarufu kuliko wote ni Barry, aliyezaliwa mwaka 1800, mwaka uleule ambao Napoleon alivuka mwanya huo na jeshi la watu wapatao 40,000. Inasimuliwa kwamba Barry alisaidia kuokoa watu zaidi ya 40. Alizeekea mjini Bern na kufa mwaka 1814. Mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya huko. Kuhusu kipipa cha pombe shingoni, hicho kilitoka katika picha ya mchoraji Mwingereza Edwin Landseer ya mwaka 1820. Mbwa hawakufanya kazi na mzigo huo.

Tufike sasa kwenye nyakati zetu. Mwaka 1964 ilifunguliwa barabara ya chini ya mlima, na wasafiri wa kawaida hawahitaji tena kupanda. Ungedhani kazi ya Bernardo imekwisha. Sivyo. Barabara ya juu hufungwa na theluji tangu vuli hadi mwanzo wa kiangazi, lakini nyumba haifungwi. Wanaofika wakati huo ni watu wanaopanda kwa miguu yao, wengi wakiwa na skii, zile mbao nyembamba zinazofungwa kwenye viatu ili kutembea na kuteleza juu ya theluji. Hao huenda nje ya njia zilizotengenezwa na kulindwa, wakitafuta ukimya wa mlima. Wakanoni huwapokea kwa chai ya moto, na baadhi ya wakanoni wenyewe wamekuwa waongozaji wa milima wenye mafunzo kamili.

Msimamizi wa watu hao ni Bernardo. Mwaka 1923 Papa Pio XI, katika barua kwa askofu wa Annecy, alimtangaza kuwa msimamizi wa wakazi wa Alpi na wapanda milima. Papa huyo alijua alichokisema, kwani kabla ya upapa, akiitwa padre Achille Ratti, alikuwa mpandaji hodari, na mwaka 1889 alipanda Monte Rosa kwa upande wake mgumu wa Macugnaga. Aliusifu upandaji milima kuwa wa faida kwa mwili na roho, ila kwa sharti la kuepuka ujasiri wa kipumbavu.

Sharti hilo ndilo linalofundishwa leo katika kozi za usalama dhidi ya maporomoko ya theluji. Sisi ambao theluji tunaijua kwa kuitazama kwa mbali kileleni Kilimanjaro, tunaweza kudhani poromoko ni ajali inayomwangukia mtu kutoka juu. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba, kwa waliokumbwa wakiwa kwenye skii, karibu mara 9 kati ya 10 poromoko huanzishwa na mtu mwenyewe au mwenzake. Theluji hukaa tabaka juu ya tabaka. Likiwepo tabaka dhaifu chini ya bamba gumu, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja, na mteremko mzima ukateleza. Miteremko ya hatari zaidi ni ile yenye mwinamo kati ya nyuzi 30 na 45, ambayo ndiyo inayopendeza zaidi kuteleza.

Katika kozi ya mwanzo mtu hujifunza kusoma taarifa ya kila siku yenye ngazi 5 za hatari, kupima mwinamo, kupita mmojammoja mahali pa mashaka, na kubeba vitu vitatu: kifaa cha redio kinachotoa na kupokea mawimbi, ufito mrefu wa kukunja wa kutafutia aliyezikwa, na chepe. Kisha hujifunza hesabu inayotisha. Aliyezikwa kabisa akifukuliwa ndani ya dakika 10, karibu 9 kati ya 10 huwa hai. Ikifika nusu saa, wanaobaki hai ni karibu 3 tu kati ya 10. Helikopta mara nyingi haifiki kabla ya hapo. Kwa hiyo anayeweza kukuokoa ni yule uliyetembea naye.

Katika kozi ya juu mambo huwa mazito zaidi. Huko hufanyika mazoezi ya watu wawili au watatu waliozikwa kwa pamoja, ambapo mawimbi ya vifaa vyao huingiliana. Lazima mmoja awe kiongozi, agawe kazi, na ahakikishe kila mtafutaji amebadilisha kifaa chake kutoka kutoa mawimbi kwenda kupokea. Mmoja akisahau, wote hupotezwa. Hujifunza kuchoma ufito kwa kuzunguka taratibu, sentimita 25 kutoka tundu hadi tundu, na ukishamgusa mtu usiuchomoe. Hujifunza kuchimba kutoka upande wa chini wa mteremko, wakipangana kama ncha ya mshale na kubadilishana zamu, maana theluji ikishasimama hukaza kama saruji. Hujifunza kufungua njia ya hewa ya mgonjwa kwanza, kisha kumkinga na baridi. Na kabla ya yote hujifunza kutazama juu, wasije wakazikwa waokoaji na poromoko la pili.

Lakini walimu wa kozi hizo wanakiri kwamba somo gumu kuliko yote ni moyo wa mwanadamu. Wengi hawafi siku ambazo hatari imetangazwa kuwa kubwa kabisa, kwa kuwa siku hizo watu hubaki nyumbani. Wengi hufa siku za ngazi ya 3, ya katikati, pale ambapo dalili zipo lakini jua linawaka. Mmoja hudanganywa na mazoea, kwa kuwa ameupita mteremko huo mara nyingi. Mwingine hufuata nyayo za waliotangulia. Mwingine humtegemea mwenye uzoefu na kunyamaza, ingawa amesikia theluji ikitoa mngurumo chini ya miguu yake. Mwingine ametumia likizo na fedha, na kilele anakiona pale. Ndiyo maana vikundi vilivyofundwa vizuri huweka kanuni kwamba yeyote akisema turudi, hata aliye mdogo kuliko wote, safari hujadiliwa upya bila kumcheka.

Tukifika hapa tunaona jinsi somo hilo linavyogusa malezi yetu. Tunazoea kuusifu upendo kana kwamba ni hisia, na elimu kana kwamba ni jambo la pembeni. Mwenye huruma asiyejua kutumia kifaa chake atalia juu ya theluji huku rafiki yake akikosa pumzi mita moja chini ya miguu yake. Machozi yake ni ya kweli, lakini hayafukui. Msamaria mwema katika Injili alijua kusafisha jeraha na kulifunga. Alikuwa na mafuta na divai tayari safarini, na fedha ya kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Vivyo hivyo padre asiyejiandaa kusikiliza, kuungamisha, kuhesabu fedha za parokia au kuwalinda watoto, hawezi kujitetea kwa kusema alikuwa na nia njema.

Upande wa pili nao una hatari yake. Ujuzi bila upendo hubaki bondeni ukitoa ushauri. Katika miaka ya 1930 wakanoni wa nyumba ya Bernardo walikwenda hadi mipaka ya Tibet, wakikusudia kujenga huko juu nyumba ya wasafiri kama ile ya kwao. Mmoja wao, mwenye heri Maurice Tornay, aliuawa huko mwaka 1949, na Mtakatifu Yohane Paulo II akamtangaza mwenye heri mwaka 1993. Walichukua ujuzi wao wa milima wakaupeleka kwa watu ambao hawakuwa wa kwao, na hawakurudisha nyuma maisha yao.

Hayo ndiyo maisha ya Bernardo kadiri tunavyoweza kuyajua. Hatuna hotuba zake wala barua zake. Tunajua kwamba alisikia vilio vya waliopotea, akaweka msaada mahali pa hatari, akawaachia wenzake kazi ya kutoka nje kila asubuhi kutafuta. Basi tumwombe atuombee ili kila mmoja wetu ajue mlima uliokabidhiwa kwake, ajifunze kwa bidii yale ambayo wengine watayahitaji siku ya shida, asione haya kusema turudi panapokuwa na hatari, na asisite kutoka nje anapoitwa. Mtakatifu Bernardo wa Menthon, utuombee.